Aliyeitwa Mezani

Unga ulikuwa umelambwa.

Haukuibwa wala haukumwagika. Laila alifunua kopo la unga wa mtama asubuhi, akakuta katikati pamechimbika shimo la mviringo, laini, na kingo za shimo zimelowa, kama vile ulimi mpana ulipita pale polepole ukarudia tena. Alilibeba kopo lile, akaliweka mbele ya mumewe.

"Panya," alisema Chaquir.

"Panya analamba?"

"Basi paka."

"Paka kafunua kopo, kala, kafunika? Huyo paka aje anisaidie vyombo."

Chaquir alicheka peke yake. Laila alimgeukia binti yao, Wahida, aliyekuwa amekaa mkekani na miguu ameinyoosha. Hata shule alikuwa hajaanza.

"Wewe, umechezea unga?"

"Siyo mimi," alisema Wahida. "Ni mgeni wa baba. Mlimwita, halafu hamkumpa kitu."

Pale Palma, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, Chaquir alijulikana kwa mdomo. Alikuwa mtu wa kumwambia bosi usoni kwamba jenereta imekufa kwa ubahili wa bosi mwenyewe, tena mbele za watu, kisha akaenda zake kula. Lakini asubuhi ile alijiona akiinama kutafuta viatu alivyokwisha kuvivaa.

Mambo yenyewe yalianzia mezani.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya gesi, meli za utafiti zimesimama baharini usiku na mchana, na kila mwenye chumba cha kupangisha anajiona tajiri. Chaquir alikuwa fundi wa jenereta kwenye kambi ya wakandarasi. Shule aliiacha mapema. Kireno alijifundisha mwenyewe kwenye vitabu vya mashine, neno kwa neno, na ole wake aliyemcheka. Fundi mmoja Mreno, mkataba wake ulipokwisha, alimwachia boksi lenye kitabu cha kanuni na dadu za pande nyingi. Ulikuwa mchezo wa kukaa mezani na kujifanya watu wengine. Mmoja anakuwa mestre: ndiye anayeijua hadithi, ndiye anayeeleza mvua, njia na adui. Wenzake wanasema wanachotaka kufanya, na dadu inaamua kama wamefaulu. Hadithi nzima, ambayo huchukua miezi, wanaiita kampeni.

Neno hilo lilimletea jirani mlangoni. "Nimesikia mnapanga kampeni. Kapulana, vile vitenge vya chama, zitagawiwa lini?"

"Nenda kalale!" Chaquir alimfokea.

Wachezaji walikuwa wawili. Lourenço, dereva, Mmakonde wa Mueda, Mkatoliki asiyemaliza sentensi bila utani. Na Celeste, mwalimu wa historia, ambaye ndiye aliyeileta Roma.

"Majoka ya kutema moto mimi siyawezi," alisema. "Nipe watu waliowahi kuwepo."

Basi Chaquir akapanga kampeni ya Warumi. Kila akitoka kazini alikata na kubandika. Boksi la friji lilikuwa ardhi, korosho zilikuwa askari wa Roma, kauri zilikuwa raia wa mji wa Vei, mji ambao Warumi waliuzingira miaka na miaka ukakataa kuanguka. Tatizo lake lilikuwa moja. Vei yenyewe hakuweza kuiona kichwani. Angeweka wapi njia, wapi lango, wapi watu huteka maji? Kwenye mashine, kipuri kikikosekana, alizoea kuchonga kutoka kwenye chuma alichonacho. Akafanya vivyo hivyo. Alichukua Namtundwe, kijiji cha rasini alikozaliwa, akakichora chote juu ya boksi: njia iliyopinda, uwanja wa msikiti, na nyuma kabisa kijisitu chenye kisima cha zamani. Akaandika juu yake, Vei.

Ni Celeste aliyewaeleza desturi ile.

"Warumi kabla ya kuuvamia mji walimtoa kwanza mlinzi wake. Kuhani anasimama nje ya ukuta, anamwita mungu wa mji ule. Toka, waache hawa, njoo kwetu Roma, tutakujengea nyumba kubwa kuliko hii. Akishatoka, mji umebaki ganda tupu."

"Wanamhamisha mlinzi kabla ya kuwahamisha watu?" Lourenço alisema. "Hawa wangepata kazi kwenye gesi."

Chaquir aliipenda sana desturi hiyo. Alitaka maneno ya kumwita mungu yawasimamishe wenzake nywele. Alijaribu kuyatunga, yakatoka kama tangazo la sabuni. Na wakati wote huo ya kweli alikuwa nayo. Shangazi yake, Awa, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mzimu wa Namtundwe. Chaquir alipokuwa mdogo ndiye aliyembebea chetezo cha ubani hadi kisimani, akamsikia akimwita Mwenye Kisima kwa maneno yake na kwa jina lake. Jina hilo haliandikwi hapa. Na Awa alimpa sharti: asilitaje ila akiwa pale kisimani na unga mkononi, kwa sababu Mwenye Kisima huja na njaa, na akishakuja hutaka pa kukaa.

Chaquir alijiambia kwamba sharti lile ni la kisimani. Hapa ni mezani, juu ya boksi la friji, na watu wanacheza. Ndivyo alivyojiambia.

Jioni ya mchezo ilifika, baada ya swala ya magharibi. Laila alikuwa uani anapika, Wahida amesinzia mkekani. Chaquir alisimama, akawa kuhani wa Kirumi. Akainua mkono juu ya kisima alichokichora, akayasema maneno ya shangazi yake yote, akalitaja jina, kisha akaongeza ahadi ya Warumi: toka, njoo kwetu, utajengewa nyumba.

Chumba kikanuka tope. Tope la chini kabisa la kisima, na majani yaliyooza majini. Lourenço aliacha kutafuna.

"Mestre, umevunja bomba?"

"Endelea," alisema Celeste, naye alikuwa amejikunyata. "Inasimuliwa kwamba askari mmoja alimuuliza mungu yule wa kike kwa utani kama anataka kwenda."

Lourenço akainama juu ya boksi, akanenepesha sauti. "Mama mkubwa, unataka kwenda Roma?"

"Nataka," alisema Wahida toka mkekani, macho amefumba.

Wote watatu wakaangua kicheko. Lourenço alipiga meza hadi korosho zikaruka. "Mtoto amekunyang'anya umestre!" Chaquir ndiye aliyecheka muda mrefu kuliko wote. Sauti ya mtoto wake haikuwa na usingizi hata kidogo, aliisikia, na alicheka ili asiendelee kuisikia.

Kesho yake, unga.

Baada ya unga zikaja sauti. Giza likianza kuingia, uani kwao kulisikika kamba ikilia kwenye gogo, ndoo ikigonga jiwe, maji yakimwagika. Na uani kwao hapakuwa na kisima, palikuwa na bomba la jirani ng'ambo ya ukuta. Viganja vya Wahida vililowa, vikifutwa vinalowa tena. Akakataa wali, akakataa samaki, akawa anataka unga mbichi, anaulamba kiganjani taratibu kama mtu mzima mwenye subira. Akaacha kulala chali. Alilala ameketi, mgongo wima, uso ameuelekeza kwenye meza, na Laila alipomlaza kwa nguvu na kumfunika na kugeuka tu kupunguza taa, akigeuka tena anamkuta ameketi vilevile, shuka limekunjwa vizuri pembeni kama lililokunjwa na mtu mwingine.

"Mume wangu," Laila alinong'ona, "mlifanya nini kwenye meza ile?"

"Tulicheza."

"Nakuuliza tena."

"Mchezo, Laila. Mchezo tu."

Chaquir alilichukua boksi la friji akalichoma. Harufu ya tope haikuondoka.

Ndipo shangazi Awa alipopiga simu. "Njoo. Kesho mzimu unaulizwa."

Kampuni ya gesi iliitaka ardhi ya rasi. Wazee wa Namtundwe walijibu kwamba hawatoki bila idhini ya Mwenye Kisima, na watu wa kampuni walikubali kusubiri jibu. Jibu lilitafutwa kama lilivyotafutwa tangu zamani. Jioni mtunzaji anaumimina unga kutoka ngumini, kidogokidogo, uwe kilima kilichochongoka kando ya kisima. Anasema shida iliyowaleta. Watu wanaondoka. Alfajiri kilima kikikutwa kimevurugika, Mwenye Kisima amekataa. Kikiwa kimesimama kilivyoachwa, amekubali. Enzi za Wareno, walipotaka kukikusanya kijiji kando ya barabara, unga ulikutwa umetapanywa hadi kwenye mizizi ya miti, na watu wakakataa kuondoka mpaka Wareno wakachoka wao.

Chaquir alibeba chetezo, mtu mzima na ndevu zake. Awa alipiga magoti, akamimina, akaita. Akaita tena. Kisha akamsogelea mpwa wake, akasema chini kwa chini, wazee wasisikie:

"Chaquir, mwanangu. Nabisha hodi kwenye nyumba ya mtu aliyehama."

Maneno ya kukiri alikuwa nayo. Angeweza kuyasema pale pale. Aliyatazama makaa ya chetezo, akayapuliza, ingawa yalikuwa yanawaka vizuri.

Alfajiri kilima cha unga kilikuwa kimesimama. Ncha yake kali kama sindano. Hata siafu hawakukisogelea.

"Amekubali!" wazee walipaza sauti. Mmoja alilia wazi, kwa uchungu wa kuachwa kirahisi hivyo. Kijana wa kampuni, mwenye kizibao cha kung'aa, alipiga picha.

"Hajakubali!" Awa alipiga kelele. "Hayupo! Ulizeni amekwenda wapi!"

"Awa, unga umesimama," alisema mzee Selemane, aliyekuwa msemaji wa kijiji. "Unataka nini zaidi?" Kisha akamgeukia Chaquir, na wote wakamgeukia. "Wewe humwogopi mtu, tunakujua. Ulikuwa karibu naye jana. Umeona nini?"

Chaquir alimwona shangazi yake anamtazama. Aliona pia kambi, kazi yake, Celeste na Lourenço wakitajwa, watu wakicheka, watu wakiacha kucheka.

"Nimeona unga umesimama," alisema.

Ilikuwa kweli tupu. Hakuwahi kusema uongo mkubwa kama huo.

Alipofika nyumbani Wahida alikuwa amekaa kizingitini, midomo myeupe. Hakuna simu iliyopigwa, hakuna mtu aliyetangulia kuleta habari.

"Umetoa ushahidi mzuri," alisema Wahida kwa sauti ya mama mtu mzima. "Sasa nyumba yangu iko wapi?"

Mashine zilianza na kijisitu. Mtoto akaanza kukonda siku hizo hizo, kana kwamba kila mti ulioangushwa kule ulikatwa kwake. Hospitali walimpima damu, malaria hakuna, wakampa vidonge, vidonge vikatapikwa na maji meusi yenye majani. Mbavu zikahesabika. Laila hakulia. Alimbeba mtoto mgongoni mchana kutwa, na siku moja alimsimamisha mumewe mlangoni.

"Nitamzika kwa ajili ya mchezo? Niambie tu, nijue."

Chaquir alikwenda Namtundwe akaketi chini mbele ya shangazi yake, akasema yote.

Awa alimpiga kofi. Kisha akauliza, kwa utulivu uliouma kuliko kofi:

"Ulimwita bila unga?"

"Bila unga."

"Ukamwahidi nyumba. Nyumba ya wapi?"

"Roma."

"Ndiyo wapi huko?"

"Mbali, shangazi. Ulaya. Na ni habari za zamani, Roma hiyo ya kale ilishakwisha."

"Umemtoa mwenyeji kwake," alisema Awa, "ukamwelekeza kwenye nyumba iliyokufa. Alipokosa pa kuingia akaingia kwa mwanao. Na mimi ukaniacha nionekane mwehu mbele ya wenzangu." Akainuka, akajifunga kapulana. "Twende. Na Selemane tunamchukua. Hili halisemwi kwa siri."

Walifika nyumbani kwa Chaquir baada ya alasiri, jua bado liko juu, lakini ndani ya chumba kile taa ililazimika kuwashwa. Awa alifukiza ubani, akamkalisha Wahida juu ya meza ile ile, juu ya kitambaa cheupe, akamwekea unga mbele yake. Akamsalimu Mwenye Kisima kwa jina. Akamwomba radhi, akamwomba arudi.

"Nirudi wapi?" Mtoto alicheka, na kicheko kilitoka chini sana, mahali pasipo na mtoto. "Kisima kimefukiwa. Nimepigiwa magoti vizazi na vizazi, na kijana huyu, aliyekuwa akinibebea moto, ndiye aliyenitoa. Niliahidiwa nyumba. Nyumba nimepata." Akaweka kiganja kilicholowa juu ya kifua chake chembamba.

"Mtoto huyo hakukuita."

"Aliulizwa, akajibu. Nilimjibia mimi, lakini kinywa ni chake."

"Aliyekuita yupo hapa," alisema Awa. Hakumtazama mpwa wake. "Chaquir. Sema."

Akasema. Alimgeukia mzee Selemane, akamweleza boksi la friji, kijiji kilichopewa jina la Vei, maneno, jina, kicheko. Akamweleza jioni ile kisimani na makaa aliyoyapuliza bure, na alfajiri alipoulizwa alichokiona akajibu alichokiona, huku akijua sababu ya unga kusimama. Hakujitetea. Alipomaliza, kulisikika kamba ikilia uani, ndoo ikigonga jiwe.

Selemane alivua kofia. Alionekana mdogo ghafla.

"Tumeshatia vidole kwenye karatasi," alisema. "Mimi sikutaka, Chaquir. Nilisema, kama Chaquir naye amesema, basi." Akaishika kofia magotini. "Hakuna pa kuyapeleka maneno yako sasa."

Chaquir alipiga magoti mbele ya meza. "Mtoto mwache," alisema. "Mimi ndiye niliyeita. Mimi ndiye niliyetoa ushahidi juu yako. Kaa kwangu."

"Chaquir!" Laila alimkamata shati.

"Mwache," alinong'ona Awa, na sasa alikuwa analia. "Ukimzuia, Mwenye Kisima ataondoka na mtoto."

Wahida aliinama kutoka juu ya meza, akamshika baba yake mashavu kwa viganja vyake viwili vilivyolowa, akamtazama kama anayekagua chumba kabla ya kuhamia, pembe moja baada ya nyingine, na Chaquir alihisi maji ya baridi yanaingia nyuma ya macho, yanashuka kooni, yanajaa kifuani taratibu bila haraka, akasikia ndoo ikigonga jiwe na safari hii haikuwa uani, ilikuwa ndani ya mbavu zake, ikashuka, ikashuka, ikapata maji.

Mtoto alianguka kifuani mwa mama yake. Alifumbua macho, akakunja uso.

"Mama, nina njaa. Nataka wali na samaki."

Laila alimkumbatia hadi mtoto akalalamika.

Awa alimpa mpwa wake masharti: unga kila jioni, na asitoe tena ahadi kwa niaba ya mtu. Hakumwambia itachukua muda gani, kwa sababu jibu wote walilijua. Selemane aliondoka bila kumpa mkono.

Asubuhi Wahida alitoka ndani, nywele amesukwa, mashavu yameanza kurudi. Chaquir alikuwa ameketi kwenye benchi uani. Mtoto alimkimbilia, kisha akasimama hatua chache mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama?"

"Salama."

Mtoto akainua macho, akayapeleka juu kidogo ya bega la baba yake. Akarekebisha kapulana yake. Akapiga goti, kama alivyofundishwa kuwasalimu wakubwa sana.

"Shikamoo."

"Marahaba," ilijibu sauti ya mama mtu mzima kutoka kifuani mwa Chaquir, nzito, yenye maji ndani yake.

Laila aligeuka kutoka jikoni na mwiko mkononi. Chaquir alikuwa ameuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.